Mafunzo ya Uhunzi: Washana wa Ugweno na Maneno ya Kazi Yao

Nchi ya Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini, ilijulikana zamani kwa chuma chake. Mchanga mweusi wenye chuma uliokotwa vijitoni, ukaoshwa, kisha ukachomwa kwa makaa katika tanuri. Na bonge lililopatikana lilipelekwa kwa mhunzi. Wachagga walikinunua chuma hicho, na wahunzi wao wakafua mikuki, visu na majembe.

Wenye kazi hiyo katika Ugweno walikuwa ukoo wa Washana. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969, ameeleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno hapo kwanza, mpaka Wasuya, wakiongozwa na Angovi, walipowapindua. Na kwa hesabu ya vizazi tukio hilo ameliweka katika karne ya 16. Enzi iliwatoka, ila nyundo haikuwatoka. Wasuya waliweza kutwaa utawala kwa hila na nguvu, lakini ufundi wa mikono hautwaliwi hivyo.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha zamani kuna kitenzi -sana, maana yake kufua chuma, na msana ni mhunzi. Siku hizi twasema -fua, na -sana imesahauliwa na wengi. Msomaji asiichanganye na sanaa, ambayo ni neno la Kiarabu.

Waandishi wa kwanza walivutwa zaidi na miiko. Bruno Gutmann, aliyeandika mwaka 1912 juu ya mhunzi wa Kichagga, alitueleza mengi kuhusu nguvu ya nyundo katika kubariki na kulaani. Habari hizo ni za thamani, lakini zimetufanya tudhani kwamba siri ya mhunzi ilikuwa katika dawa na maneno tu. Kwa maoni yangu siri kubwa ilikuwa wazi kwa kila apitaye kiwandani. Haikuibika kwa sababu haikuweza kusemwa. Ilikuwa katika jicho na mkono.

Kwa desturi mtoto alianza kwenye mivukuto. Kazi hii yaonekana duni, nayo ndiyo shule. Viriba viwili hukandamizwa kwa zamu ili upepo usikatike. Ukikatika, moto hupungua, na ukizidi, makaa huliwa bure. Basi yule avukutaye hukaa miezi na miaka akitazama chuma kikigeuka rangi: wekundu wa giza, wekundu mwangavu, rangi ya chungwa, manjano, hata karibu na weupe. Chuma kikianza kurusha cheche kinaungua, na kilichoungua hakitengenezeki. Baadaye hupewa nyundo nzito apige pale mkubwa wake anapoonyesha. Bonge la tanurini limejaa mavi ya chuma, nalo hupashwa moto na kufuliwa mara nyingi mpaka yatoke. Pigo likikawia, chuma kimepoa na kitapasuka. Kisu huja mwisho, kwa kuwa kengee yake ni nyembamba na hupoa upesi kuliko jembe.

Chuma laini cha tanuri hakigeuki kuwa kigumu kwa kutiwa majini. Makali yake huimarishwa kwa kupigwa kingali baridi, kisha kwa kinoo. Katika karne ya 20 vyuma vilivyoletwa na meli, reli na magari vilishinda chuma cha tanuri, na uyeyushaji ukakoma. Uhunzi haukukoma: springi ya gari ikawa panga na kisu. Lakini springi ni pua, na pua ina sheria nyingine. Ikifikia joto la nyuzi 800 hivi, ambapo sumaku haiivuti tena, na kuchovywa, huwa ngumu kama kioo, nayo huvunjika ikianguka. Lazima ipashwe tena polepole, kati ya nyuzi 200 na 300, huku mhunzi akitazama rangi nyepesi zinazotambaa usoni pake: manjano ya majani makavu, hudhurungi, zambarau, buluu. Kisu huchovywa tena kabla ya buluu. Mzee aliyejua rangi za tanuri alilazimika kujifunza rangi hizi za pili, wala hazikuwa katika urithi wa ukoo wake.

Hapa kamusi zetu zatupungukia. Tunalo neno pua, tunalo feleji kwa panga bora za pwani, tunayo fuawe na koleo. Lakini kwa ngazi za joto twasema tu "nyekundu". Majina ambayo wahunzi wenyewe hutumia kwa kila rangi, katika Kigweno, Kichagga, Kihaya na Kifipa, yafaa yakusanywe kiwandani, mbele ya moto, kwa kumwuliza yule anayevukuta na si mwenye nyundo peke yake.