Malipo ya uzeeni: Mwalimu wa Kinango na mbunge wa Msambweni hawapimwi kwa mizani moja

MWALIMU wa shule ya umma Kinango na mbunge wa Msambweni hulipwa kwa pesa za mlipa ushuru yule yule, lakini sheria zinazoamua watakachopata uzeeni ni tofauti.

Mwalimu, sawa na watumishi wengine wa serikali kuu walioajiriwa kwa masharti ya kudumu, huongozwa na Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Sharti awe amehudumu angalau miaka 10. Kila mwezi wa utumishi humpa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara wake wa mwisho wa mwaka. Chukulia anastaafu akiwa na mshahara wa Sh60,000 baada ya miaka 30, yaani miezi 360. Hustahili Sh45,000 kwa mwezi. Akiamua kuchukua robo kwa mkupuo, hukabidhiwa Sh2.7 milioni na kubaki na Sh33,750 kila mwezi. Hiyo ndiyo jasho ya miaka 30 ya chaki.

Akifariki, wategemezi wake hulipwa kwa miaka mitano. Hapa ndipo familia hukwama. Mjane ambaye ndoa yake ilifungwa msikitini bila cheti hulazimika kwanza kuithibitisha, na Waislamu wengi wa Kwale huishia katika mahakama ya Kadhi kutafuta stakabadhi za mirathi.

Utaratibu huo, hata hivyo, si wa kila mwalimu. Tangu Januari 1, 2021, watumishi waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 walihamishiwa mpango mpya wa kuchangia. Walianza kwa kukatwa asilimia mbili ya mshahara wa msingi, kisha tano, hatimaye 7.5, nayo serikali ikiongeza asilimia 15. Kwa hao, malipo hutegemea akiba iliyokusanywa na faida yake, si mshahara wa mwisho. Wauguzi wa Hospitali ya Msambweni, waliohamishiwa kaunti baada ya ugatuzi wa 2013, wana jambo jingine la kuchunguza: iwapo makato yao hufikishwa kwenye hazina ya pensheni kwa wakati. Kaunti nyingi nchini zimewahi kulimbikiza madeni ya aina hiyo.

Mbunge ana sheria yake, iliyoanza kutumika 1984. Hukatwa asilimia 12.6 ya mshahara, na akimaliza vipindi viwili huwa na haki ya pensheni afikapo miaka 45. Anayebwagwa baada ya kipindi kimoja hurudishiwa michango yake pamoja na riba. Miaka 10 kwa miaka 10, basi, ila mwalimu husubiri angalau hadi 50 akistaafu mapema kwa hiari, au 60 akistaafu kwa lazima.

Wabunge walijaribu kuongeza zaidi. Walipitisha mswada wa kuwapa wenzao waliohudumu kati ya 1984 na 2001 Sh100,000 kila mwezi, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini mwaka wa 2020. Kisheria, mishahara na marupurupu ya maafisa wa serikali hupangwa na tume ya SRC, iliyoundwa chini ya Katiba ya 2010.

Magavana hawamo katika sheria ya 2015 inayowapa naibu rais, maspika na jaji mkuu waliostaafu asilimia 80 ya mshahara wao wa mwisho. Nao madiwani wa lililokuwa Baraza la Kaunti ya Kwale, lililovunjwa 2013, walirudi vijijini kama wenzao kote nchini, na madiwani hao wa zamani wamekuwa wakidai kiinua mgongo tangu wakati huo.