Mkusanyaji na Mila: Funzo la Hans Cory katika Kanda ya Ziwa

Kwa muda mrefu huko Ulaya kukusanya kazi za sanaa ilikuwa shughuli ya makabaila. Mfano mmoja ni wa Thomas Howard, Lodi wa Arundel (1585-1646), aliyekuwa miongoni mwa makabaila wakubwa wa Uingereza. Alikusanya michoro ya Leonardo da Vinci na ya Holbein, akatuma watu hadi Uturuki kumtafutia sanamu na mawe ya kale yenye maandishi ya Kigiriki. Mnamo mwaka 1639 mchoraji Van Dyck alimchora yeye na mkewe wakiwa kando ya tufe la dunia, naye Lodi anaonyesha kisiwa cha Bukini. Alikuwa na mpango wa kukifanya kisiwa hicho koloni. Mpango ule haukufaulu, lakini picha ile ni somo: mkono uliokusanya sanamu ndio uliotaka pia ardhi ya watu.

Karne tatu baadaye, Mwanza nayo ilipata mkusanyaji wake. Huyu hakuwa lodi wala Mwingereza wa kuzaliwa, wala hakuwa na utajiri wa Arundel. Hata hivyo maisha yake yanatuhusu zaidi, kwa sababu alichokikusanya kilikuwa chetu, na sehemu yake moja iliendelea kutuamulia mambo baada ya Uhuru.

Kutoka Vienna hadi Mwanza

Hans Koritschoner alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1888. Alifika katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita akafanya kazi za mashamba. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alikutana naye katika safari ya uwindaji, akamweka katika kitabu chake cha mwaka 1935 kwa jina la Kandisky. Baadaye Koritschoner akajulikana kama Hans Cory, na serikali ya Kiingereza ikamwajiri kuwa mtaalamu wake wa elimu ya jamii. Kituo chake kikuu cha kazi kikawa Mwanza.

Ni lazima tuseme ukweli juu ya mtu huyu. Hakuwa mtawala wa kukaa ofisini tu. Alikaa na wazee, waganga na wakunga wa jando na unyago. Aliandika juu ya michoro ya ukutani ya bayeye, wale wacheza nyoka wa Usukuma. Alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya unyago na jando, hasa miongoni mwa Washambaa, Wazigua na Wanguu, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Vinyago hivyo vilihifadhiwa katika makumbusho ya Dar es Salaam, na makaratasi yake yakahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mengi yaliyomo humo yangepotea pamoja na wazee waliomsimulia.

Elimu kwa faida ya nani?

Lakini swali la kwanza la mwanafunzi wa historia ni hili: nani alilipa gharama, na alitaka nini? Serikali ya kikoloni ilitawala vijijini kwa kuwatumia watemi. Ili iwatumie, ilibidi ijue mtemi anapatikanaje, anahukumuje, na wananchi wanamtii kwa sababu gani. Ndiyo maana Cory na Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Ndiyo maana Cory alitoa sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na mwaka 1954 akatoa kitabu kingine juu ya utawala wa jadi wa Wasukuma, chenye mapendekezo ya kuubadili.

Mwaka huo huo wa 1954 TANU ilizaliwa, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikapiga marufuku matawi yake Usukuma. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Katika mwaka huo wa 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya la rangi zote lililowekwa bila ridhaa yao, na wengi wakaenda Mwanza kupeleka malalamiko yao. Hapo ndipo tunapoona mpaka wa elimu ya aina ile. Serikali iliyokuwa na vitabu juu ya Wasukuma haikuwa tayari kuwasikiliza Wasukuma wenyewe.

Udongo na karatasi

Sasa tutazame tofauti kati ya vitu viwili alivyokusanya Cory.

Kinyago cha unyago kilifinyangwa kwa kazi maalumu. Kungwi alikionyesha, akaimba wimbo wake, na mwari akajifunza maana yake. Kazi ilipokwisha, vinyago vingi vilivunjwa au kutupwa. Mwaka uliofuata vilifinyangwa vingine. Kinyago kilichofungiwa ndani ya kabati la kioo kimeachwa na wimbo wake, lakini hakimdhuru mtu.

Mila nayo hufinyangwa na watu. Wazee walipoamua shauri la mirathi, walitazama hali ya ukoo, tabia ya wahusika na mahitaji ya siku ile. Ilipoandikwa, ikagandishwa. Cory alifanya kazi ya kuunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba hadi kifo chake mwaka 1962. Mwaka 1963 serikali yetu wenyewe, serikali huru, ikazitangaza kuwa sheria. Kusudi lilikuwa jema: taifa moja lisiwe na sheria mia za kikabila. Lakini Tangazo Namba 436 la mwaka huo lilibeba pia kanuni kwamba mwanamke aweza kutumia ardhi ya ukoo aliyoirithi, ila hawezi kuiuza.

Matokeo yake yalirudi Mwanza. Mwaka 1988 mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo akashtaki ili mauzo yafutwe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kanuni ile inapingana na Katiba, na kwamba mama yule ana haki sawa na mwanamume. Lakini vita havikuishia hapo. Wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa na mashemeji katika nyumba zao walikwenda mahakamani kupinga kanuni za mirathi za tangazo lile. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba haki za wajane hao zilikuwa zimevunjwa.

Funzo

Ni rahisi kumlaumu mkoloni kwa yote haya. Cory aliandika, lakini aliyetangaza ni sisi. Na wazee aliowauliza walikuwa hasa wanaume wenye mamlaka katika ukoo. Sauti ya mjane haikuwa na uzito sawa katika daftari lile. Kwa hiyo tusiyatupe makaratasi ya Cory, maana ni sehemu ya kumbukumbu yetu. Tuyasome tukiuliza nani alisema, nani alinyamazishwa, na nani alifaidika.

Kada anapokaa na wazee wa kijiji kusikiliza shauri la shamba la marehemu, ataambiwa, "Hii ndiyo mila yetu." Asidharau neno hilo, lakini asilichukue kama jiwe. Aulize mila hiyo iliamuliwa lini na kina nani, kisha amwite mjane naye aseme.