Kura za Juni 1993: Waliohesabu Umati na Waliohesabu Kura

Kila ifikapo tarehe 21 Oktoba tunamkumbuka Rais Melchior Ndadaye wa Burundi. Safari hii sisi wanakamati tumeona tuwaandikie vijana wetu waliozaliwa kambini juu ya jambo lililotangulia kifo chake: kura za Juni 1993, na hasa ile ya wabunge, ambayo wengi wameisahau.

Tarehe 1 Juni alichaguliwa Rais. Kabla ya siku hiyo watu wengi mjini Bujumbura, pamoja na wageni, waliamini Meja Pierre Buyoya atashinda. Walipima kwa macho: umati viwanjani, nyimbo, vitambaa vya chama. Lakini mtu aliyeishi chini ya chama kimoja, UPRONA, tangu 1966 alijua kupiga makofi bila kusema lililo moyoni. Ndadaye, aliyewahi kuwa mkimbizi nchini Rwanda, alipata karibu 65% ya kura.

Hapa tuseme kidogo juu ya kura za maoni, maana hata kambini huja watu na madodoso. Ukitaka kujua hali ya maharage ya gunia zima, huhitaji kuyamwaga yote. Chota kiganja kimoja juu, kingine katikati, kingine chini. Ukichota juu tu umejidanganya. Vivyo hivyo, watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima hutoa jibu lenye kosa la kama 3% juu au chini. Wakiulizwa walio karibu na ofisi tu, hata wawe 10,000, ni bure. Na muulizwaji akiogopa, hesabu yote imeharibika. (Wafanyakazi wa mashirika wanatuelewa.)

Tarehe 29 Juni wakachaguliwa wabunge 81. Mpiga kura hakuchagua mtu, alichagua orodha ya chama katika mkoa wake, na viti vikagawanywa kwa uwiano. FRODEBU ikapata kama 71% ya kura na viti 65. UPRONA zaidi kidogo ya 21% na viti 16. Mgawanyo huo haukulingana sawasawa na kura, kwa sababu chama kisichofikisha 5% nchini hakikupewa kiti. Vyama vidogo vinne viliishia hapo, na kura zao hazikuzaa mbunge hata mmoja.

Ndipo baadhi ya ndugu zetu waliokimbia mwaka 1972 walipofunga mizigo wakarudi. Wapo kati yetu ambao wazazi wao walikuta shamba la babu linalimwa na mwingine, wakaanza kusemezana naye kwa upole. Hawakuimaliza kesi hiyo.

Usiku wa kuamkia 21 Oktoba wanajeshi waliasi. Hawakumuua Rais peke yake. Waliuawa pia Spika Pontien Karibwami na Naibu wake Gilles Bimazubute. Vijana watazame hapo: Katiba ilimtaja Spika kuwa wa kushika nafasi ya Rais. Waliopanga walijua vizuri njia ya urithi wa madaraka ilipopita, wakaikata. Mauaji yakaenea mikoani, dhidi ya Wahutu na Watutsi, na mamia ya maelfu wakavuka mpaka. Bunge lilimchagua Cyprien Ntaryamira Januari 1994. Tarehe 6 Aprili akafa katika ndege iliyotunguliwa Kigali.

Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 yaliuacha uwiano na kuuwekea masharti. Katika orodha, kati ya wagombea watatu wanaofuatana, wawili tu waliruhusiwa kuwa wa kabila moja. Na kati ya watano, mmoja angalau awe mwanamke. Kizingiti kikashushwa hadi 2%. Mwaka 2005 CNDD-FDD ilipata viti 59 kati ya 100 vya kuchaguliwa, FRODEBU 25, UPRONA 10.

Kizingiti hicho hicho cha 2%, kilichoonekana kidogo, kiliwafungia wote nje mwaka 2025: CNDD-FDD ilitangazwa kupata zaidi ya 96% na viti vyote 100.

Wazee waliopiga kura tarehe 29 Juni 1993 na wanaokumbuka kituo chao, tunawaomba wafike kwa katibu wa Kamati, tuandike majina ya vituo hivyo na foleni zilivyokuwa.