Vazi la asili ni la asili ya nani?



Kila msimu wa harusi hapa Unguja wateja wanatuambia, "Nataka vazi la asili la kwetu." Kisha inatolewa simu, na kwenye simu ni abaya la Dubai lenye mawe mpaka mikononi. Hatulaumu. Mabaya hayo tunayashona sisi wenyewe na ndiyo yanayotulipia kodi ya duka. Lakini hilo neno asili tumelifikiria sana, kwa sababu kujifunika kwenyewe, ambako leo tunakuona ni kwetu sote, kulikuwa hakuruhusiwi kwa wanawake wengi wa kisiwa hiki.

Kabla ya 1897 nguo ilikuwa inasema wewe ni nani. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Kichwa chake kilikuwa wazi na miguu haina viatu, ndiyo ilikuwa desturi. Bibi wa nyumba kubwa za Kiomani akitoka alivaa barakoa usoni na hariri mwilini. Wote wawili wakisikia adhana ile ile.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatia saini amri ya kuondoa utumwa. Si kwamba kesho yake kila mtu alikuwa huru. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na mabwana walilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri ile, wakasubiri mpaka 1909. Miaka 12! Katika wao wamo mabibi wa watu tunaosalimiana nao kila siku.

Waliopata uhuru walifanya nini na vijipesa vyao vya mwanzo? Walinunua nguo. Kaniki ikaachwa, zikashikwa kanga zenye rangi na maua, doti moja kiunoni na kichwani. Kisha buibui likaenea, na hapa ndipo penye utamu kwetu mafundi. Buibui la zamani halikuwa na mikono wala vifungo. Ni kitambaa cheusi kipana kilichoungwa kikazunguka kama mfuko usio na kitako, na kamba ya kufungia kichwani. Mwenye nacho na asiye nacho, aliyezaliwa huru na aliyeachwa huru, wote wakipita kichochoroni ni weusi mtupu, humjui nani ni nani. Barakoa nayo ikapungua mpaka ikabaki kwenye picha.

Wengine husema walikuwa wanaiga mabwana. Sisi hatuoni hivyo. Mwanamke aliyekatazwa sitara, siku anaipata, anachukua haki yake kwa Mola wake. Bilal (r.a.) alikuwa mtumwa, na Mtume (s.a.w.) akamchagua yeye kuwa muadhini. Kwa nini basi majumbani kwetu habari hizi zinanong'onwa? Posa zinakuja, watu wanaulizana ukoo mpaka Shirazi na Muscat, na akifika bibi mmoja aliyetoka bara kwa msafara, mazungumzo yanageuzwa. Tumewahi kuona uchumba ukivunjika kwa hilo, na bwana mwenyewe hana mtaji wala kazi!

Siku hizi kisutu bado kinaingia sandukuni, chekundu, cheusi na cheupe, na somo bado anamfundisha mwari namna ya kujifunga. Buibui la kamba ndilo linalopotea. Tunataka kulishona tena, na kipimo chake hatuna ila cha kukisia. Mwenye bibi aliyelihifadhi atuletee tulipime. Hatutalikata, na litarudi limepigwa pasi.