Tippu Tip: safari zilizozaa kitabu, na upande ambao kitabu hakisemi

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamujua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mufanyabiashara wa pembe za tembo na wa watumwa kutoka Zanzibar. Hapa kwetu Tshopo jina lake linaamsha habari za vita na minyororo. Wakaaji wachache ndio wanajua kama aliandika pia maisha yake, kwa Kiswahili.

Njia alizopita

Alianza kutembea bara angali kijana, juu ya biashara, sawa na baba yake aliyekaa Tabora. Kiisha alivuka ziwa Tanganyika, akaingia Maniema, akajijenga Kasongo. Mwaka wa 1876 alimusindikiza Stanley kushuka Lualaba, lakini akarudi njiani.

Mwezi wa pili 1887, kule Zanzibar, alipatana na Stanley awe liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa jina la mfalme Leopold II. Meli iliwazungusha kusini ya Afrika mpaka Banana, kiisha wakapanda muto na masuwa ya moshi. Kwa njia ya muto, hakuna kufika Kisangani bila kupita mbele ya Yangambi.

Namna safari ziliongoza kalamu

Alirudi Zanzibar mwaka wa 1891. Mujerumani Heinrich Brode ndiye alimusukuma aandike. Aliandika kwa herufi za Kiarabu. Brode akazigeuza za Kilatini, na kitabu kikatoka Berlin mwaka wa 1902 na 1903. Padri François Bontinck alikitoa kwa Kifaransa mwaka wa 1974.

Kitabu hakifuate sana miaka, kinafuata njia. Ni hesabu ya mufanyabiashara: pembe frasila ngapi, nani alimukopesha mali, sultani gani alimupokea, gani alimupiga vita. Hata uongo ulikuwa silaha ya safari. Kule Utetera alijisema ndugu ya mukubwa wao Kasongo Rushie, eti bibi yake alitekwa kule zamani. Akaaminiwa, akapewa utawala.

Kile kinakosekana

Waliobeba zile pembe, mara nyingi hawana jina ndani ya kitabu. Waliotekwa wanahesabiwa karibu sawa na mali. Mama aliyekimbilia pori na watoto, kijiji kilichobaki majivu: hiyo mwandishi hakuona sababu ya kuieleza.

Tippu Tip alikufa Zanzibar mwaka wa 1905. Misafara yake ilituachia pia Kiswahili cha Kisangani, kile wazungu waliita Kingwana. Maneno yake tunayo kwa kitabu. Ya Waturumbu, Walokele na Wagenia wa wakati ule yalibaki midomoni mwa wazee. Wanafunzi wanaosoma historia hii wasiishie kwa kitabu. Waende nyumbani pia, wawaulize babu na bibi, na waandike.