Nani Mwenye Jibu? Safari ya Chemshabongo Hadi Ndhiwa

Mwaka 1913 una mambo mawili yasiyotajwa pamoja. Huko Gendia, karibu na Kendu Bay, wamisionari Waadventista Wasabato waliofika 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen walianzisha mtambo wa uchapishaji. Na tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, gazeti la New York World likachapisha chemshabongo, mchoro wa umbo la almasi wenye miraba ya kujaza herufi, kazi ya Arthur mwingine, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Gendia na Ndhiwa leo zimo katika kaunti moja ya Homa Bay, lakini ilichukua miongo mingi kabla karatasi iliyopigwa chapa na mchezo wa Wynne havijakutana mezani kwa mwalimu wa Ndhiwa.

Si kwamba Ndhiwa ilikuwa imekaa ikingoja mtu wa New York aje kuifundisha kufumbua. Watoto wa Kijaluo walilelewa siwindhe, nyumbani kwa bibi aliyeitwa pim, na huko walitegeana vitendawili na kusimuliana sigana hadi usingizi uwachukue. Pwani nako, anayeshindwa kutegua hutoa mji, na mtegaji huupokea kwa mbwembwe kabla hajalitoa jibu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipofarakana hata zikapigana Shela, washairi kama Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo za mafumbo, kila upande ukipima kama wa pili umeng'amua umechomwa wapi. Kote huko mwenye jibu ana uso. Ukiona jibu lake halikai sawa unambishia papo hapo, na waliohudhuria wanaamua.

Gazeti lilimwondoa mtegaji barazani. Anatega leo, anatoweka, na kesho jibu lake linachapwa kama hukumu isiyo na rufaa. Mimi naona hapo ndipo mchezo ulipobadilika hasa, na ndiyo sababu historia yake imejaa ubishi.

Ulipoanza kuenea, wakubwa waliudharau. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilijipatia fedha nyingi kwa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, na mwaka huohuo New York Times likayakemea kuwa ni upotevu wa wakati. Gazeti hilohilo lilisalimu amri Februari 1942, wiki chache baada ya shambulio la Pearl Harbor, wasomaji walipohitaji kitu cha kuwapumzisha na habari za vita. Uingereza ilikwisha kwenda mbali zaidi. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alikuwa akiwatesa wasomaji wa Observer tangu 1926 kwa vidokezo vinavyosema hiki vikimaanisha kile, na Times la London likajiunga mwaka 1930. Mwaka 1944 mwalimu mkuu mmoja, Leonard Dawe, alijikuta akihojiwa na majasusi wa nchi yake kwa sababu mafumbo aliyolitungia gazeti la Daily Telegraph yalikuwa yametoa majibu kama Utah, Omaha na Overlord, majina ya siri ya uvamizi wa Normandy uliokuwa haujafanyika.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa Marekani. New York Times liliuliza habari kuu ya gazeti la kesho. Mtunzi, Jeremiah Farrell, alikuwa amepanga miraba hivi kwamba Clinton na Bob Dole wote waliingia, na maneno ya wima yakakubali yote mawili: mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween akawa popo (bat) au paka (cat), ukipenda. Wasomaji walipiga simu kwa hasira, wakidhani gazeti limekwisha kumpa mtu ushindi.

Kwetu magazeti ya Kiswahili yalikuja kwa mfululizo: Baraza mwaka 1939, Taifa mwaka 1958, ambalo baadaye lilizaa Taifa Leo, huku Daily Nation ya Kiingereza ikianza 1960. Fumbo la Kiingereza lilikuja na ulimwengu wake, mito ya Uingereza na istilahi za kriketi. Mtoto wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, ambaye angemtaja Gor Mahia, yule mganga mkuu wa kwao, kabla hujamaliza kuuliza, anabaki akikuna kichwa kwa jina la kijito cha Yorkshire. Omera, hiyo si akili, ni jiografia ya watu wengine.

Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, chemshabongo ya Kiswahili ilipata wabishi waliofunzwa. Na lugha yenyewe inachochea ubishi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu hufuatana na konsonanti kwa mpangilio unaojirudia, kwa hiyo kupishanisha maneno ni rahisi ila kuwa na hakika ni vigumu. Chukua miraba minne, wa pili na wa nne ikiwa na A, kidokezo kikisema tu "Ndugu". Ni dada au kaka? Herufi za wima zisipokuokoa, mnaweza kubishana mpaka chai ipoe.

Upatanisho wa kisarufi nao humsaliti mtunzi. Akiandika "Unaofungulia mlango", ile U imekwisha kukuonyesha ufunguo. Kitendawili cha kale kina ujanja zaidi: kinasema nyumba yangu haina mlango, sarufi inafuata nyumba, na yai limejificha salama.

Halafu kuna kamusi, zinazotakiwa kuwa waamuzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, Kamusi Kuu ya Kiswahili 2015, na simu imeyaleta maneno mengi ya kamusi viganjani hata stejini. Hata hivyo wapo wanaoandika runinga na wapo wanaoandika luninga, herufi saba kwa saba. Ningekuwa mtunzi wa chemshabongo ningelilaza neno hilo juu kabisa, kisha mraba wake wa kwanza niuteremshie neno la wima la herufi nne lenye kidokezo hiki: "Mwanafunzi huitafuta". Wa raha wajaze raha, wa laha wajaze laha, na majibu ya kesho nisiyachape.