Merveille Kanjinga, atakan wa Kongo aliyetoka Mazembe akaenda Paris

Merveille Kanjinga ni mshambuliaji, ule sisi tunaitaka atakan, wa timu ya taifa ya wanawake ya Kongo, Léopards Dames. Jina lake lilijulikana Afrika nzima akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwezi wa kwanza 2025 Paris Saint-Germain ya Ufaransa ikamsajili, akiwa hajafikisha miaka 25. Kwa muchezaji mwanamuke mwenye alikuwa anacheza kabumbu hapa hapa inchini, ile ni njia yenye wachache sana wamepitia. Wakongomani wengi wenye kuonekana Ulaya walikulia kule. Grace Geyoro, kwa mfano, alizaliwa Kolwezi lakini alienda Ufaransa akiwa mutoto mudogo, na ni Ufaransa njo anachezea.

Ili kuelewa namna Kanjinga alifika pale, tuanzie kwa Mazembe. Wengi wanaijua kwa wanaume: makombe matano ya mabingwa wa Afrika, na ile fainali ya dunia ya 2010 mbele ya Inter Milan. Ekipe ya wanawake ni ya juzi. CAF yenyewe ilianzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2021 tu, na Mazembe iliingia mara ya kwanza 2022, kule Maroko, bila kufika mbali. Klabu haikukata tamaa. Ililetea wasichana kocha wa kutoka Maroko, mwanamuke, Lamia Boumehdi, na wakaanza kulipwa na kufanya mazoezi sawa watu wa kazi, hapana sawa watu wa kujifurahisha siku ya yenga.

Matokeo yalionekana 2024, tena Maroko. Katika nusu fainali Mazembe ikatoa Edo Queens ya Nigeria. Tarehe 23 Novemba, mjini El Jadida, ikakutana na AS FAR ya Rabat mbele ya mashabiki wao wenyewe. Goli lilikuwa moja, penalti ya Marlène Kasaj katika kipindi cha kwanza, na nyuma ya pale ilikuwa kulinda mpaka firimbi ya mwisho. Ni mara ya kwanza klabu ya wanawake ya Kongo kubeba kombe lile. Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ilikuwa tayari imeshinda kwa wanaume na kwa wanawake. Mazembe ikawa ya pili. Bingwa alipata dola 600.000, na mwezi wa kumi na mbili CAF ikamtangaza Boumehdi kocha bora wa mwaka kwa upande wa wanawake.

Klabu za Ulaya zinatuma watu kuangalia mashindano ya namna ile. Kanjinga ni mwepesi, anapenda kutokea pembeni na kukimbilia nafasi nyuma ya mabeki. Sokoni, atakan mwenye mbio njo anatafutwa mbele ya wengine. Wiki chache nyuma ya kombe, Paris wakamuchukua.

Sasa angalia ile tarehe. Januari 2025, huku kwetu, ni mwezi wenye M23 iliingia Masisi-centre katika siku za kwanza, na mwisho wa mwezi Goma ikaanguka. Mwezi wa tatu vita ikafika Walikale-centre. Watu walikuwa barabarani na magodoro kichwani, na habari ya binti wa Kongo kusajiliwa Paris ilipita bila watu wengi kuisikia. Hata leo kuko wapenzi wa mupira huku wenye wanajua majina yote ya Real Madrid lakini hawajui kama PSG ilichukua Mukongomani.

Na ile klabu yenyewe ikajikuta ndani ya mabishano. Tangu 2019 PSG iko na mkataba wa matangazo na Rwanda, ule wa maneno «Visit Rwanda». Mwanzoni mwa Februari 2025 waziri wetu wa mambo ya inje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia PSG, Arsenal na Bayern Munich akiziomba ziache mikataba ile kwa sababu ya vita ya Mashariki. Rwanda kwa upande wake inakanusha kuunga mkono M23, ijapokuwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika tofauti mara nyingi. Arsenal na Bayern baadaye zilibadilisha au kuachana na mikataba yao. PSG, kinyume, mwezi wa ine 2025 iliurefusha mpaka 2028. Muchezaji hachagui matangazo ya klabu yake, na sioni haki ya kumulaumu binti kwa karatasi zenye zilisainiwa na wakubwa mbele yeye afike. Lakini si vibaya msomaji ajue ni nguo gani anavaa.

Upande wa timu ya taifa, historia yetu si ndogo sawa watu wanavyofikiri. Mwaka 1998, kule Nigeria, Kongo ilimaliza ya tatu Afrika. Kisha ikapotea muda murefu: ilionekana 2006, 2012, halafu kimya. Ilirudi katika Kombe la Afrika lenye lilichezwa Maroko Julai 2025, Kanjinga akiwa kati ya wale watu walitegemea. Matokeo yaliuma. Maroko 4, Kongo 2. Senegal 4, sisi sifuri. Zambia 1, sisi sifuri tena. Mechi tatu, pointi hakuna. Inaonyesha tofauti ya klabu moja yenye inalipa vizuri na inchi nzima yenye haina ligi ya wanawake yenye kusimama imara kila mwaka. Mazembe moja haiwezi kubeba timu ya taifa peke yake.

Wazazi wenye binti anayecheza pale Nyabiondo, Kitchanga, Pinga ao Kibua, swali lao ni moja: njia inapita wapi? Kanuni ziko wazi kuliko watu wanavyozania, na kuzijua kunaweza kumukinga mutoto.

Kwanza umri. FIFA inakataza muchezaji mwenye hajafikisha miaka 18 kuhama inchi kwa ajili ya kabumbu. Ruhusa ziko chache: wazazi wakihama kwa sababu isiyo ya mupira, mutoto akiwa amekimbia hatari, ao akiishi karibu na mupaka, isiyozidi kilomita 50, na klabu ya ngambo nayo iwe ndani ya kilomita 50 toka mupaka. Kwa hiyo mutu mwenye anakuja kusema atapeleka binti wa miaka 15 Ulaya, Uturuki ao Dubai kucheza, anadanganya ao anavunja sheria. Mengine yenye yanaweza kumupata binti kule njiani, wamama wa huku hawahitaji kuelezwa.

Wakala wa kweli anafanya mutihani wa FIFA na kupata leseni, na jina lake linaweza kutafutwa kwa FIFA yenyewe. Kwa mutoto, sherti mzazi aweke sahihi kwa maandishi. Malipo yake ni asilimia ya mshahara ao ya uhamisho. Akianza kuomba pesa ya «dosie», ya viza, ya tiketi, na binti hajaona hata mkataba, mufunge mulango.

Kisha karatasi. Bila cheti cha kuzaliwa hakuna leseni ya muchezaji, hakuna pasipoti, na hakuna namna ya kuonyesha umri. Sheria yetu inatoa siku 90 za kuandikisha mutoto kwa etasivili bila malipo. Muda ukipita, sherti kupitia tribinali. Wahami wengi walipoteza karatasi zote njiani, wengine watoto wao walizaliwa kambini bila kuandikwa popote. Kwa binti mwenye kipaji, ile ni kizuizi kikubwa kuliko kukosa viatu.

Na ekipe ndogo nazo zihifadhi daftari. Muchezaji akiuzwa inchi ingine kwa pesa, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zote zenye zilimulea kati ya miaka 12 na 23, kila moja kufuatana na miaka alikaa pale. Hii ni ya wanawake pia. Malipo mengine ya malezi, yenye klabu za wavulana zinapata, FIFA iliyaacha inje kwa wasichana, na ni moja ya sababu viongozi wa ekipe hawajisumbui sana nao. Lakini ile asilimia 5 inadaiwa kwa klabu yenye iliandikisha muchezaji kwa chama cha kabumbu. Kocha mwenye anafundisha wasichana makumi tatu bila leseni hata moja hatapata kitu.

Kuko tena mfano wa PSG hiyo hiyo wenye unagusa watu wa kambi. Nadia Nadim alizaliwa Afghanistan. Baba yake, jenerali wa jeshi, aliuawa na Wataliban mwaka 2000. Mama alikimbia na mabinti watano mpaka Denmark, na ni katika kambi ya wakimbizi kule njo Nadia aliona wasichana wanacheza kiwanjani na kuanza kupiga mupira. Alichezea timu ya taifa ya Denmark mara zaidi ya 100, akawa bingwa wa Ufaransa na PSG mwaka 2021, na wakati ule ule alikuwa anasoma udaktari. Alimaliza masomo 2022, angali anacheza.